Sindano, Patasi na Bahari za Picha

Mshairi huchagua bahari kabla ya kutia neno la kwanza. Akishika utenzi, mizani nane zitamwongoza. Akishika shairi la mizani kumi na sita, pumzi yake itakuwa nyingine. Ndivyo alivyo msanii wa picha za kuchapa: achaguapo zana, ameshachagua namna ya kusema.

Ushahidi tunao Dar es Salaam. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, ilikuza mabingwa wa picha hizi, miongoni mwao Robino Ntila na George Lilanga. Lilanga (1934–2005) alikuwa Mmakonde aliyejua kuchonga, lakini katika picha zake za bamba la chuma mkono wake ni mwingine. Bamba hupakwa nta, sindano huichora nta hiyo, kisha tindikali hula pale tu palipofunuliwa. Sindano haipambani na chuma. Huteleza juu ya nta mithili ya kalamu. Kwa hiyo mashetani wake, wenye matumbo ya mviringo na masikio mapana, hujazana ukurasani wala picha isielemewe. Mstari umepinda utakavyo.

Mbao isingemstahimilia hivyo, kwani nyuzi zake hukataa tao jembamba. Lakini nayo ina ufasaha wake. Katika mbao, kilichochongwa hubaki cheupe, na kilichoachwa ndicho kinachochapa. Mchongaji husema kwa kunyamaza, na patasi yake hutoa ukali ambao sindano haiujui.

Tofauti nyingine ni ya mfuko. Bamba la chuma hudai mtambo wa magurudumu mazito, ili karatasi iliyoloweshwa isukumwe hadi ndani ya mifereji na kuunyonya wino. Mbao hairingi: paka wino, laza karatasi, sugua kwa mgongo wa kijiko. Patasi, kinoo na kijiko havikosekani Kariakoo. Hata njiti ya mwavuli, ikinolewa vyema, hukata mfereji mwembamba. Basi kijana anayesema sanaa hii imemshinda kwa kukosa mtambo, aulizwe kwanza kama amekijaribu kijiko. Afadhali patasi moja kali kuliko seti nzima butu, maana butu huteleza, na likiteleza hujeruhi kidole na picha pamoja. Na akitaka kutia maneno, ayachonge kinyume, kama wafanyavyo wachonga mihuri.

Lawama yangu ni kwetu wahakiki. Twaipima picha ya kuchapa kwa kipimo cha rangi, tukaiona maskini. La hasha! Hakuna amlaumuye mtunzi wa utenzi kwa ufupi wa mishororo yake. Tuulize zana gani ilitumika, kisha tuulize kama msanii ameisikiliza.