Tamasha lililopangwa kwa bahari na mwezi

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, liliasisiwa mwaka 1997 na likafanyika kwa mara ya kwanza 1998, wakati majumba ya sinema ya Mji Mkongwe yalikuwa yamekwisha kuchakaa. Lilisimama vipi tamasha la filamu katika mji ambao sinema zake zinakufa? Kwa maoni yangu, jibu kubwa limo katika uamuzi wa mwanzo kabisa: mipaka.

Waasisi hawakujifunga kwa bara wala kwa lugha. Waliliita Tamasha la Nchi za Jahazi, yaani pwani zote zilizounganishwa na pepo za kaskazi na kusi: Afrika Mashariki, Ghuba, Iran, India, Pakistan, Komoro na visiwa vinginevyo vya Bahari ya Hindi. Jina hilo lilifanya kazi ya kamati nzima ya uteuzi. Filamu ya Mumbai na ya Mombasa zikapata sababu ya kukaa katika ratiba moja, chini ya tuzo kuu iitwayo Jahazi la Dhahabu. Tena zilimkuta mtazamaji aliye tayari, kwani Wazanzibari walikuwa wamekulia kwenye filamu za Kihindi na za Kimisri. Nafasi ya tamasha la bara zima ilikuwa imeshashikwa na FESPACO ya Ouagadougou tangu 1969. Kuiiga kusingelifikisha ZIFF mbali.

Ukumbi ukawa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Mwezi Julai, ambao ndio uliokuwa wakati wa kawaida wa tamasha, masika yamepita, na magharibi huingia kabla ya saa 12 na nusu jioni, hivyo giza la kuonyeshea filamu hupatikana mapema. Filamu ikiisha, muziki unaendelea humo humo, na aliyekuja kwa ajili ya taarabu hujikuta ametazama filamu.

Lakini Julai si tarehe ya kudumu katika jamii ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, na katikati ya muongo uliopita iliangukia msimu huo huo. Mwaka 2014 tamasha likawahishwa hadi katikati ya Juni, kabla ya mfungo. Mwaka 2015 likangoja mfungo uishe. Wageni na wafadhili hupenda tarehe isiyobadilika. Waandaaji walichagua kumheshimu mwenyeji, na hapo ndipo ninapoona ukomavu wao.

Kwa mwenyeji huyo huyo, filamu zilipelekwa vijijini Unguja na Pemba, zikaonyeshwa bure. Huo ndio mpango ninaouthamini kuliko yote, ingawa hauingizi shilingi, na kila tamasha linalotegemea wadhamini huanza kukata hapo fedha zinapopungua.

Matunda mengine yaliota nje. Yusuf Mahmoud, aliyewahi kusimamia muziki wa ZIFF, alishiriki kuanzisha tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika mara ya kwanza 2004, nalo likaitumia Ngome Kongwe msimu wa kaskazi. Muziki ukapata tamasha lake. Filamu za Kiswahili zilichelewa zaidi: Bongo Movie, yaani filamu za kibiashara za Tanzania, ilikuwa tayari imeteka soko la kanda na DVD kabla ZIFF haijazitengea tuzo zake. Tamasha lililokwishajua kumfuata mtazamaji hadi Pemba lingeweza kumfuata mapema zaidi hadi kwenye kibanda cha video.