Neno "Gaidi" na Mjadala wa Usalama wa Taifa

Ni mara chache neno moja hubebeshwa mzigo mzito kama uliobebeshwa neno "gaidi". Zamani neno hili lilimtaja mnyang'anyi aviziaye wasafiri njiani na kuwapora mali zao. Hakuwa na siasa wala dini. Alikuwa na rungu na tamaa.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani mjini Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa kwa mabomu. Hapa kwetu walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200. Asemaye kwamba tishio lile lilikuwa la kubuniwa hawatendei haki marehemu wale. Hata hivyo, Bunge lilipojadili mjini Dodoma Muswada wa Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, kasoro kubwa ya mjadala, kwa maoni yangu, ilikuwa ya lugha. Muswada uliandikwa kwa Kiingereza ukajadiliwa kwa Kiswahili, na mwananchi aliyesikiliza redio alibaki na neno "ugaidi" bila mipaka yake. Waliouunga mkono walitaja usalama wa taifa, kana kwamba kuutaja kwatosha kumaliza hoja. Waliopinga, wakiwamo watetezi wa haki za binadamu na baadhi ya Waislamu, walihofu neno lisije likawaganda watu wasio na hatia. Hofu hiyo ilistahili kujibiwa kwa ufafanuzi.

Wala hatukuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma, ilikuwa tangu miaka ya 1960 mahali pa kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ambayo kambi yake iliongozwa na Samora Machel, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengineo. Sisi tuliwaita wapigania uhuru. Makaburu waliwaita magaidi, na mwaka 1967 wakatunga Sheria ya Ugaidi iliyowaruhusu polisi kumweka mtu kizuizini bila kikomo na bila kumfikisha mahakamani. Mtu yule yule, bunduki ile ile, majina mawili! Hata Nelson Mandela hakuondolewa katika orodha ya Marekani ya wahusika wa ugaidi mpaka mwaka 2008, akikaribia kutimiza miaka 90.

Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliliona jambo hili. Mkataba wake wa Algiers wa mwaka 1999 uliulaani ugaidi, lakini ukayatenga mapambano ya ukombozi. Hapo maneno yalipimwa; nasi washairi, tunaogombana kwa ajili ya mizani moja iliyozidi, twajua kazi hiyo ilivyo ngumu.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria zetu. Basi mwalimu wa Kiswahili awatake wanafunzi wake waandike, kwa sentensi moja, maana ya "ugaidi", kisha waijaribu kwa vijana wale wa Kongwa na kwa waliotega mabomu ya 1998, waone inamkamata nani na inamwacha nani.