Tonge, Mwiba na Kikombe Kilichotangulia

Kikombe kile cha bariamu hakikupaswa kutangulia. Nalisema mapema, maana najua wapo watakaonijibu kwamba picha zilitoka safi. Kweli zilitoka safi. Dereva anayekatiza taa nyekundu asigonge mtu naye hufika nyumbani salama.

Shemeji yangu, mkazi mwenzangu wa Chang'ombe hapa Dodoma, alikuwa anakula perege wa Mtera, mwiba ukamkwama. Akafanya kile ambacho bibi zetu walitufundisha sote: akafinyanga tonge kavu la ugali, akalimeza bila kutafuna ili lisukume mwiba. Tonge likapita. Maumivu yakaanza baada ya hapo, yakashuka kifuani hadi mgongoni, na kesho yake hata mate aliyameza kwa kukunja uso. Kituo tulichokwenda sikitaji. Fomu ilisema anameza kwa shida, apimwe kwa bariamu. Mwiba haukuandikwa, wala tonge.

Kijana wa eksirei aliuliza kuhusu mimba, akamvua mkufu, akamweka kiulalo sawasawa. Kisha akakoroga bariamu ikawa nzito kama uji wa mgonjwa.

"Mwanangu, huyu ana mwiba," nikamwambia. "Anza na ayodini."

"Mzee, bariamu ndiyo inayoonyesha vizuri."

Akampa kikombe.

Jibu lile lina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo hatari. Bariamu hung'ang'ania ukuta wa umio, na hufichua hata kitundu ambacho ayodini ingekipita. Lakini tunathubutu kumnywesha mtu salfeti ya bariamu kwa sababu moja tu: haiyeyuki, hainyonywi, huingia na kutoka kama mgeni asiyevua viatu. Mwiba ukiwa umetoboa umio, na tonge limeusindikiza, mgeni huyo anavujia katikati ya kifua, jirani na moyo, na hapo hana mlango wa kutokea. Anakaa. Panavimba. Ayodini inayoyeyuka ikivuja hunyonywa na figo huitoa. Ndiyo maana penye shaka ya kutoboka hutangulia ayodini, na bariamu hufuata pale tu ayodini isipoonyesha tundu. Penye siti skani, wengi siku hizi huanzia huko.

Msinirukie na habari ya kupaliwa, naijua. Ayodini zile kali za zamani zikiingia mapafuni huvuta maji na kuyafurisha, na kwa mgonjwa anayepaliwa bariamu huwa afadhali. Kwa hiyo kuna maswali mawili kabla ya kukoroga chochote: panaweza kuwa pametoboka? Anapaliwa akinywa maji? Sikusikia hata moja.

Mwalimu aliyenifundisha kazi ya eksirei, enzi za chumba cha giza, asingekoroga chochote kabla ya kumpa mgonjwa kijiko cha maji na kumtazama koo. Enzi zile filamu ilikuwa mali, ukiiharibu unaulizwa, basi tuliuliza kwanza. Leo picha mbaya hufutwa kwa kidole, na maswali yamefutika nayo. Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa tiba Harvard mwaka 1896, mwaka mmoja tu baada ya Röntgen kugundua mionzi yenyewe, aliangalia bata bukini akimeza bismuthi, akafuatilia donge likishuka shingoni. Alikuwa na mashine duni na macho ya kutosha. Baadaye chumvi ya bismuthi ikaonekana kuwasumisha wagonjwa, na bariamu ikashika nafasi yake mnamo 1910. Nayo si ya kudharau: mwaka 2003 kule Brazili watu walikufa kwa kunywa salfeti iliyochanganyika na kabonati ya bariamu, ambayo ni sumu ya panya.

Wengine wangeshika habari ya mionzi. Kipimo hiki ni kama milisivati 1.5, na mazingira yenyewe hutupa wastani wa 2.4 kwa mwaka. Sigombi hapo.

Nagombana na kadi ya maandalizi. "Usile kuanzia saa sita." Saa sita ipi? Nimelipigia kelele hili miaka na miaka. Mmoja hufika ameshiba chapati, mwingine ameshinda njaa tangu jana mchana, na mwenye kisukari hajaambiwa afanye nini na sindano yake ya insulini.

Tundu halikuonekana, tukarudi nyumbani, na hakuna aliyemwambia shemeji anywe maji mengi ili bariamu isimgandie tumboni. Mtaani kwetu, bomba likiwa kwenye mgao, mtu hanywi maji mengi bila kuambiwa. Siku ya tatu akamtuma mwanawe aniite, akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba amefunga choo tangu juzi na sasa anatoa chokaa.