Linachemsha Wapi?

Gari langu lilikuwa linanisitiri mjini na kuniaibisha mlimani. Dar es Salaam nilikaa nalo kwenye foleni saa nzima, geji imetulia. Lakini nikishapita Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake, nikianza kuupanda mlima Kitonga, mshale nao unapanda. Mafundi watatu walikwisha kula hela yangu: mmoja alibadilisha mfuniko wa rejeta, wa pili akaizibua rejeta yenyewe, wa tatu akafunga pampu mpya ya maji, kisha akaanza kuimezea mate silinda hedi.

Mzee wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, hakushika spana. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza: "Mwanangu, linachemsha likisimama au likibeba mzigo?" Hapo hapo feni ikaachiwa huru, maana gari lenye feni mbovu huchemsha kwenye foleni, halingoji Kitonga.

Gari lilikuwa limeshapoa. Akafungua mfuniko, nikawasha, akainama kutazama maji kama mtu anayechungulia kisima. Gasketi ya hedi ikiungua, gesi ya silinda huvuja humo na mapovu hayakatiki. Hayakuwapo. Akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kidole: nyeusi, haijageuka chai ya maziwa. Akafunga mfuniko, akaacha injini ipate moto, akagusa bomba la juu la rejeta kwa mgongo wa kiganja. Aliuondoa upesi. Kwenye bomba la chini mkono ulikaa, ukaendelea kukaa.

"Huku maji yanakuja kwa kuibia," akasema.

Kompyuta ya kupimia magari ingeniambia injini ina joto. Hilo nilikuwa nalijua.

Akalegeza bolti mbili za kifuniko cha tamostati. Ndani, patupu. Magereji mengi kwetu yanaamini kidude hicho ni cha nchi za baridi, huku joto kinaziba njia tu, kitupwe. Kumbe kwenye injini kama yangu kina vali mbili: kubwa ikifungua njia ya rejeta, ndogo inafunga njia ya mkato. Ukikitoa, mkato unabaki wazi siku zote, na maji mengi yanazunguka na moto wake bila kuionja rejeta. Mjini injini haihangaiki, kwa hiyo kosa halionekani. Nani alikitoa, sijui, mzee hakuuliza.

Kipya kilipoletwa, kimegongwa namba 82, nyuzi joto za kufungukia, hakukiamini kwa sura. Alikifunga uzi, akakining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mama ntilie. Tukachutama wote watatu. Maji yalipoanza kuimba, nta iliyo ndani ikatanuka, vali ikafunguka taratibu, kama jicho la mtu anayeamshwa.

Mzee akatabasamu. Mama ntilie alitaka kujua nani atamlipa sufuria yake.