Vitundu vya Sindano Kichwani mwa Fidla

Kwenye vichwa vya baadhi ya fidla za Antonio Stradivari, mtu akisogeza jicho karibu na msokoto, huona vitundu vidogo vya ncha ya sindano vikifuatana na mkunjo. Havikutobolewa na wadudu. Fundi huyo wa Cremona, Italia, aliyefariki mwaka 1737, aliweka kigezo juu ya kipande cha mti wa mepo, akadunga njia ya msokoto tundu baada ya tundu, ndipo akaanza kukata. Vigezo na kalibu zake bado zimehifadhiwa Cremona, katika Museo del Violino.

Umbo la ubavuni hutangulia. Kisha fundi huchora mstari wa katikati mgongoni na kupima upana kwa bikari, kulia na kushoto. Hukata kwa msumeno mwembamba mikato mifupi inayokoma unywele tu kabla ya mstari wa msokoto, na vibanzi vilivyobaki huondolewa kwa patasi. Mpaka hapo, vipimo ndivyo vinavyotawala.

Ugumu huja na bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo. Msokoto huzunguka, lakini nyuzinyuzi za mbao hazizunguki nao. Hapa bobari inakwenda sambamba nazo, mbele kidogo inazikata vichwani, mbele tena inazipinga na ubao unataka kumeguka. Mepo yenye mawimbi, inayosakwa kwa uzuri wake, ndiyo hatari zaidi. Fundi hugeuza upande wa kukatia mara kwa mara, na kila akikaribia kitufe cha katikati huchukua bobari ndogo zaidi. Ikiwa butu, huponda mbao badala ya kuikata, na vanishi ikishapakwa hakuna pa kuficha.

Mgongoni huchongwa mifereji miwili yenye tuta jembamba kati yake, ikipanda hadi utosini na kushukia mbele. Kingo hukatwa mshazari. Kwenye fidla ya 1716 iitwayo Messiah, iliyoko katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford, rangi nyeusi iliyopakwa kwenye kingo hizo bado inaonekana.

Fundi mwingine, Bartolomeo Giuseppe Guarneri, maarufu kama del Gesù, naye alifanya kazi Cremona. Wataalamu wengi wanaamini kwamba vichwa vya fidla zake nyingi za miaka ya 1730 vilichongwa na baba yake. Vya miaka ya 1740, enzi za fidla ya 1743 iitwayo Il Cannone, iliyokuja kuwa ya mpiga fidla Paganini, ni vingine kabisa: pande mbili hazilingani, na alama za bobari zimeachwa wazi. Kuiita kazi hiyo ya ovyo ni kumkosea. Mkato wake ni wa mkono usiositasita, na msokoto una nguvu ambayo msasa ungeiua.

Kichwa hakiongezi mengi kwenye sauti, lakini hakikutupwa. Shingo za fidla za zamani ziliporefushwa, hasa karne ya 19, mafundi walikikata kichwa cha asili na kukipachika kwenye shingo mpya. Kiungo hicho huonekana kama mstari mwembamba chini ya kisanduku cha vigingi.