Hesabu Meno ya Kitabu

Nikisubiri ndege uwanjani Kisongo, kijana mmoja alinionyesha kitabu cha usalama wa mitandao. Mwalimu wake amekisifia, darasa zima limekinunua. Nilikifungua: picha za skrini mwanzo hadi mwisho. Bonyeza hapa, weka tiki, hifadhi. Programu ikitoa toleo jipya, kitabu kizima kimekufa. Nilimrudishia kwa hasira, ingawa mwenye kosa hakuwa yeye.

Mnunuzi anayejua ng'ombe haanzi na rangi ya ngozi. Anafungua mdomo, anahesabu meno. Kitabu cha usalama nacho kina meno yake, na wanafunzi hawayatazami kabisa: mwandishi anamtaja adui ukurasa wa ngapi? Adui ni nani, anataka nini, anaweza nini, na kipi kitamshinda? Maneno hayo lazima yatangulie fayawoli, nywila na usimbaji. Yakiwa hayapo, au yametupwa sura ya mwisho, usinunue.

Chukua ujumbe tunaoujua wote: ile hela itume kwenye namba hii. Tapeli aliyeutuma hakuvunja ufunguo wowote, wala hajui namba yako ya siri. Anajua tu kwamba kati ya watu wengi anaowatumia, yupo anayesubiri kuambiwa pa kutuma kodi ya nyumba au ada ya mtoto. Kitabu kinachoanza na urefu wa funguo hakimwoni mtu huyu. Kinachoanza na adui kinamwona mapema, kisha kinauliza swali zito zaidi: pesa ikishakwenda, hasara ni ya nani?

Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyetufundisha kuuliza hivyo. Mwaka 1993 alichambua wizi wa kwenye mashine za kutolea fedha, akaonyesha kwamba benki ziliibiwa hasa kwa uzembe wa uendeshaji na kwa mikono ya watu wa ndani, si kwa wajuzi wa kuvunja usimbaji. Kitabu chake, Security Engineering, cha mwaka 2001, kinaanza na benki, kambi ya jeshi, hospitali na nyumba ya mtu. Zana zinafuata baadaye.

Cliff Stoll naye, mwaka 1986, akiwa katika maabara ya Berkeley, Marekani, alikuta pengo la senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Akalifuatilia hadi kwa mdukuzi wa Ujerumani Magharibi aliyekuwa akiliuzia siri shirika la ujasusi la Kisovieti, KGB. Mitambo iliyomo katika kitabu chake, The Cuckoo's Egg, imeshazeeka, lakini adui wake bado yu hai. Mhasibu yeyote atakielewa.

Kipimo kingine: mwandishi asiyekiri kosa hafai. Bruce Schneier mwaka 1994 alitupa kitabu kikubwa cha usimbaji. Mwaka 2000, katika Secrets and Lies, akakiri kwamba alizidisha imani yake katika hisabati. Na kwa kuwa swali zito ni hasara ni ya nani, kitabu kisichotaja fedha si kitabu cha usalama.

Wezi wa kalamu wanajulikana. Aliyechapa miaka hii akakupendekezea algoriti ya MD5 kwa saini za kidijitali amenakili, kwa sababu MD5 ilivunjwa mwaka 2004. Niliwahi kukuta kitabu ambamo benki ya Marekani imebatizwa kuwa ya Moshi, lakini mteja bado anaulizwa namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani!

Wala wingi wa kurasa si kitu: zamani tulikuwa na fotokopi iliyofifia ya sura moja, na nusu saa ya kulipia kwenye intaneti kafe mjini. Ukurasa mmoja tuliubishania wiki nzima, na tuliujua.

Walimu, msiagize kitabu kabla hamjakisoma. Nawe kijana, Anderson mwenyewe aliyaweka mtandaoni bure matoleo ya kwanza ya kitabu chake. Anza na hayo.