José Molina: mdakaji aliyelipwa kwa kutotikisika

Ukisoma takwimu za kupiga za José Molina, utajiuliza alidumu vipi misimu 15 katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Kati ya 1999 na 2014, Mpuertoriko huyu alipiga hom-rani 39 tu na kumaliza na wastani wa .233, yaani hata mara moja katika majaribio manne hakufikisha. Mbio hakuwa nazo. Katika familia yao ya wadakaji watatu, aliyeimbwa ni mdogo wake, Yadier. Hata hivyo, mwishoni mwa 2011 Tampa Bay Rays, klabu inayohesabu kila senti, ilimsajili akiwa na miaka 36 na kumkabidhi kazi ambayo kwa muda mrefu aliifanya kama msaidizi. Nashikilia kwamba Rays walikuwa wananunua kitu kimoja: jinsi mkono wake wa kushoto ulivyoupokea mpira.

Mrushaji hutupa akiwa mita 18.4 kutoka kwenye bamba la mpigaji, na bamba hilo lina upana wa sentimita 43. Mpira ambao mpigaji hajaribu kuupiga, ukipita juu ya bamba ndani ya eneo halali, ni straiki. Ukipita nje ni boli. Mwamuzi huchungulia kutoka nyuma ya mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya bamba kuupokea mpira, na kwa mipira inayoparuza ukingo, glavu humshawishi apende asipende. Chukua mpira wa chini, wa usawa wa magoti. Mdakaji wa kawaida huufuata kutoka juu, kwa hiyo kasi ya mpira humalizia kuisukuma glavu kuelekea ardhini, na mwamuzi huona mpira uliotoroka. Molina aliitanguliza glavu chini, akaukuta mpira mkono ukiwa tayari unapanda, na glavu ikatulia pale pale eneo linapoanzia. Kichwa kimya, mabega kimya. Kuuvuta mpira baada ya kuudaka ni hila ya kitoto, na waamuzi huigundua. Ustadi wake ulimalizika kabla mpira haujagusa ngozi.

Kwa miaka mingi haya yalikuwa maneno ya makocha tu. Kamera za kufuatilia mwendo wa mpira zilipoenea viwanjani, mwaka 2007 hadi 2008, ikawezekana kupima. Mwaka 2011 mchambuzi Mike Fast alichapisha hesabu zilizomweka Molina kileleni: takriban alama 35 zilizookolewa kwa kila michezo 120. Inasikika kama chumvi, lakini boli moja ikigeuka straiki ina thamani ya takriban 0.13 ya alama, kwa hiyo alihitaji mipira miwili na ushee tu kwa mchezo. Na kwa kuwa alama kumi hukadiriwa kuwa sawa na ushindi mmoja, hapo kuna ushindi wa michezo mitatu na zaidi kwa mtu asiyejua kupiga!

Kuna wanaosema sifa hiyo ni ya warushaji. Hoja ina uzito, kwani mrushaji mwenye shabaha hurahisisha kila kitu. Lakini mrushaji huyo huyo anaweza kulinganishwa anapodakiwa na wengine, na Molina alihama klabu mara kadhaa huku sifa yake ikimfuata. Wengine walimlaumu kwa mipira iliyompita. Ni kweli, ilimpita. Ila mpira wa kumpita mdakaji ni tukio la nadra, ilhali uamuzi wa ukingoni hutokea kila baada ya dakika chache. Lawama ya tatu, kwamba huu ni udanganyifu, naiona dhaifu zaidi. Kanuni inamtaka mwamuzi ahukumu mpira ulipopita, si ulipodakwa. Akiyumbishwa na glavu, kosa ni la jicho lake.

Kuanzia msimu wa 2026 ligi imeruhusu uamuzi wa boli au straiki ukatiwe rufaa kwa mashine, na wapo waliotangaza kifo cha ufundi huu. Wameharakisha. Kila timu huanza mchezo na rufaa mbili na hupoteza moja kila inapokosea, kwa hiyo mipira mingi bado itaamuliwa kwa jicho la binadamu. Isitoshe, mdakaji ni mmoja wa watu watatu wanaoruhusiwa kukata rufaa, pamoja na mrushaji na mpigaji, na kati yao ndiye anayeutazama mpira ukiingia mkononi mwake mwenyewe.